Zuio la vepu Uingereza: Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji

MWENYE duka anapoamka asubuhi na kukuta bidhaa iliyomlisha jana leo imekuwa kosa kisheria, swali lake la kwanza si nani aliyepitisha sheria hiyo. Swali lake ni moja tu: mtaji wangu uko wapi?

Swali hilo liliwafikia wenye maduka madogo wa Uingereza Juni 1, 2025. Kuanzia siku hiyo ikawa marufuku nchini humo kuuza sigara za kielektroniki za kutumia mara moja na kutupa, maarufu kwa jina la vepu. Zuio hilo lilihusu England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, dukani na kwenye intaneti, vepu zenye nikotini na zisizo nayo.

Msomaji wetu wa Kariakoo, Urambo au Gikomba anaweza kuuliza: hayo yananihusu nini mimi niuzaye nyanya, sabuni na mbolea? Tunasema yanamhusu sana. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Na sisi wa Afrika Mashariki tumeshanyolewa zaidi ya mara moja, tena wakati mwingine bila kutiwa maji.

Tuseme wazi kabla ya kuendelea kwamba hatupigii debe vepu. Nikotini inajenga uraibu, na hakuna sababu ya mtoto kuuziwa mvuke wenye ladha ya embe au pipi. Nchi kama Uganda haikusubiri kubagua ipi ni ya kutupa na ipi ni ya kuchaji. Sheria yake ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015 ilipiga marufuku biashara ya sigara za kielektroniki zote. Tunachozungumzia leo ni namna mfanyabiashara mdogo anavyoweza kuvuka siku ya zuio akiwa bado na duka lake, iwe bidhaa inayozuiwa ni vepu, mfuko wa plastiki au kitu kingine.

Kwanza tuelewe kilichozuiwa. Vepu ya kutupa ni kijiti kidogo chenye betri, koili ya kupasha moto na kimiminika chenye ladha. Kimiminika kikiisha, au betri ikifa, kifaa kizima hutupwa. Kwa kanuni za Uingereza, kimiminika chenye nikotini ndani ya kifaa hakitakiwi kuzidi mililita 2. Kwa hiyo kwa ajili ya mililita 2 za kimiminika, mtu anatupa betri, shaba na plastiki.

Serikali ya nchi hiyo ilisema mwaka 2023 vepu za kutupa karibu milioni 5 zilikuwa zikitupwa kila wiki, ama ovyo mitaani ama kwenye takataka za kawaida. Betri zake ni za lithiamu. Zikikandamizwa ndani ya gari la taka hushika moto. Ukiongeza na hofu ya wazazi juu ya watoto walionaswa na uvutaji huo, zuio lilikuwa linakuja tu. Lililobaki lilikuwa tarehe.

Na tarehe haikuja kwa kushtukiza. Nia ya kuzuia ilitangazwa Januari 29, 2024 na serikali ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Rishi Sunak. Serikali ikabadilika katikati ya mwaka huo, lakini zuio halikufa. Mwezi Oktoba 2024 serikali mpya ilithibitisha kuwa siku yenyewe ni Juni 1, 2025. Hivyo kutoka tangazo la kwanza hadi siku ya zuio ilipita miezi 16, na kutoka siku ya uthibitisho miezi 7.

Hapo kuna somo la kwanza. Wapo wafanyabiashara wanaodhani serikali ikibadilika, au waziri akihamishwa wizara, basi tangazo lake limekwenda naye. Hilo ni kosa. Sheria yenye sababu inayoonekana kwa macho, kama takataka mitaani, hubebwa na serikali yoyote itakayokuja. Mfanyabiashara anayeweka matumaini yake kwenye uchaguzi anacheza bahati nasibu na mtaji wa watoto wake.

Somo la pili ni kuisoma sheria yenyewe, siyo kusikiliza soga za kwenye foleni ya muuzaji wa jumla. Sheria ya Uingereza haikuzuia vepu zote. Ilizuia isiyoweza kutumika tena. Ili kifaa kiruhusiwe ni lazima betri yake iweze kuchajiwa, kimiminika kiweze kujazwa au kichupa chake kubadilishwa, na koili nayo iweze kubadilishwa. Masharti hayo yanakwenda pamoja. Kifaa chenye tundu la chaja lakini ambacho kimiminika chake kimefungwa moja kwa moja hakikupona.

Hebu fikiri mwenye duka aliyeambiwa na mwenye ghala, "Hizi zinachajiwa, chukua tu, hazina shida." Akachukua maboksi kumi. Zilikuwa zinachajiwa kweli, lakini hazijaziki. Mwenye ghala alishalipwa, na mzigo umebaki kwa mwenye duka. Ndiyo maana tunasema mfanyabiashara mdogo ajue masharti ya bidhaa yake kwa kichwa, ayaandike kwenye karatasi na kuibandika ukutani mahali anapopokelea mzigo.

Somo la tatu ni hesabu, na hapa ndipo wengi wetu huanguka. Mali bila daftari huisha bila habari. Katika zuio mambo huwa mabaya zaidi: mali bila daftari hubaki bila habari.

Tuchukue mfano wa kubuni. Duka lina vepu za kutupa 300 na limebakiza wiki 12 kabla ya zuio. Kwa kawaida linauza 30 kwa wiki. Mwenye duka anapiga hesabu ya haraka: wiki 12 mara 30 ni 360, kwa hiyo naweza kuagiza nyingine 60. Hesabu hiyo inaonekana sawa, lakini si sawa.

Siku ya zuio inapokaribia, wateja nao wana masikio. Wengine wataanza kuhamia vifaa vya kuchaji mapema. Tukichukulia kuwa katika wiki 4 za mwisho mauzo yatashuka kwa nusu, basi duka litauza 240 katika wiki 8 za kwanza na 60 katika wiki 4 za mwisho. Jumla ni 300. Maana yake ni kwamba mzigo wa mwisho alishaununua. Asiagize hata kimoja.

Anayefanya hesabu hiyo wiki 12 kabla ana nafasi ya kuchagua. Anayeifanya wiki 2 kabla hana cha kuchagua isipokuwa bei ya kutupa. Na kila duka la jirani nalo litakuwa linauza kwa bei ya kutupa wiki hiyo hiyo.

Hapa tutoe onyo juu ya mtego wa bei nafuu. Bidhaa inapokaribia kuzuiwa, mwenye ghala hushusha bei ili azimalize. Mfanyabiashara mdogo huona neema, akachota akiba yake, au akachukua mali kauli akiahidi kulipa baada ya kuuza. Asilolijua ni kwamba mwenye ghala hajampunguzia bei, amemkabidhi hasara. Bidhaa yenye tarehe ya kufa ni kama maziwa. Ukiuziwa nusu bei jioni, jiulize utayanywa lini.

Somo la nne: usisubiri siku ya mwisho kuleta mbadala. Mteja wa vepu ya kutupa alikuwa akirudi dukani kila baada ya siku chache kununua kifaa kizima. Mteja wa kifaa cha kuchaji hununua kifaa mara moja, kisha hurudi kununua vichupa au kimiminika. Biashara imebadilika umbo. Faida haipo tena kwenye kifaa, ipo kwenye kinachojazwa.

Kwa sababu hiyo, mwenye duka mwenye busara hajazi rafu aina 20 za vifaa. Anachagua aina 2 au 3 ambazo ana uhakika vichupa vyake vitaendelea kupatikana. Akiuza kifaa leo na mteja akirudi wiki ijayo akakosa kichupa, mteja huyo ameshauzwa kwa duka la mtaa wa pili. Kanuni hii ni ile ile kwa anayeuza bomba za kunyunyizia dawa, taa za jua au majiko ya gesi: usiuze chombo usichokuwa na vipuri vyake.

Somo la tano ni mabaki. Uingereza haikutoa muda wa kumalizia mzigo baada ya Juni 1, 2025. Hata kuzigawa bure kama zawadi kwa mteja hakukuruhusiwa, na kuziweka dukani kwa nia ya kuziuza nako ni kosa. Kilichotakiwa ni kuziondoa kwenye rafu, kuzitenga, kuziandika kuwa ni za kuteketezwa au kurejelezwa, na kuzipeleka kwa wanaoshughulikia taka za betri. Aidha, maduka yanayouza vepu yana wajibu wa kupokea zile zilizokwisha kutoka kwa wateja.

Kwa hiyo bidhaa iliyobaki haikuwa hasara ya bei ya kununulia peke yake. Iliongeza na gharama ya kuitupa. Mtu aliyebaki na vepu 500 alikuwa amelipa kuzinunua na sasa analipa kuziondoa. Tena hawezi kuzichoma nyuma ya duka kama maboksi, kwa kuwa betri ya lithiamu ikiwaka ni balaa.

Wapo waliojisemea watauza chini ya meza. Kwa England, muuzaji anayekamatwa mara ya kwanza anaweza kutozwa faini ya pauni 200 na mzigo kuchukuliwa. Akirudia, anaweza kufikishwa mahakamani ambako adhabu ni faini isiyo na kikomo au kifungo kisichozidi miaka 2. Ni duka gani la mtaani lenye faida ya kulipia hayo? Biashara ya magendo ina wenyewe, na wenyewe hawana leseni ya kupoteza wala jina lililoandikwa juu ya mlango. Mwenye duka anavyo vyote viwili.

Sasa turudi nyumbani, maana haya si mageni kwetu. Juni 1, siku ile ile ya mwaka, ina historia hapa. Ilikuwa Juni 1, 2019 Tanzania Bara ilipoanza kutekeleza zuio la mifuko ya plastiki ya kubebea. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilitangaza bungeni Aprili 9, 2019. Hesabu inaonyesha siku 53 tu. Kenya ilitangaza zuio lake katika Gazeti la Serikali Februari 28, 2017, likaanza Agosti 28 mwaka huo, yaani miezi 6. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2008.

Kabla ya mifuko kulikuwa na viroba, ile pombe kali ya kwenye vipakiti vya plastiki. Tangazo la Februari 2017 lilisema kuwa kuanzia Machi 1, 2017 viroba ni marufuku Tanzania. Nia ilikuwa njema, kwa vile vijana na hata wanafunzi walikuwa wakivinunua kwa sarafu na kuvificha mfukoni. Lakini kwa aliyekuwa na stoo iliyojaa, siku za kujipanga zilihesabika kwa vidole. Stoo ikawa kaburi la mtaji.

Mifuko ya plastiki nayo ilitufundisha jambo ambalo Waingereza wanaliona kwa vepu. Baada ya zuio, mifuko mbadala iliingia sokoni, lakini baadhi ilikuwa laini kiasi kwamba ilichanika kabla ya kufika nyumbani. Ikabidi viwango visisitizwe, kwamba mfuko uwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba. Wajanja wengine wakageuza vifungashio vya plastiki angavu kuwa mifuko ya kubebea, na mwaka 2021 serikali ikalazimika kulifungia mlango hilo nalo. Kila aliyewekeza kwenye ujanja huo alipigwa mara ya pili.

Uingereza nako viwanda viliharakisha kuleta vifaa vinavyofanana kwa sura na rangi na vile vilivyozuiwa, ila vina tundu la chaja na kichupa cha kubadilisha. Kisheria vinaruhusiwa. Lakini mteja akivitupa baada ya kichupa cha kwanza, takataka ni zile zile, na serikali yenye macho itarudi tena. Mfanyabiashara anayejipanga kwa miaka 5 ijayo hajengi duka lake juu ya kitu kilichopita kwenye tundu la sindano ya sheria. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kadhalika, zuio moja mara nyingi huja na mwenzake. Uingereza hiyo hiyo ilitangaza katika bajeti ya Oktoba 2024 ushuru mpya wa pauni 2.20 kwa kila mililita 10 za kimiminika cha vepu, uliopangwa kuanza Oktoba 1, 2026. Muuzaji aliyehamisha mtaji wote kutoka vepu za kutupa kwenda kwenye chupa za kimiminika bila kuutazama ushuru huo alitoka kwenye shimo moja akiwa anatembea kuelekea jingine.

Na mkulima je? Nikotini nyingi iliyomo ndani ya vepu hutolewa kwenye jani la tumbaku. Mkulima wa Urambo, Kaliua, Sikonge au Chunya anayekesha akilinda moto wa bani yupo kwenye mnyororo huo huo, ingawa London hajaiona. Zuio la vepu za kutupa halijaua soko la tumbaku, na tusimtishe mtu. Lakini Ubelgiji ilizuia vepu za kutupa Januari 1, 2025, Ufaransa ikafuata mwezi Februari mwaka huo, na Australia ilishafunga milango kwa zile zinazoingizwa kutoka nje tangu Januari 1, 2024. Mwelekeo wa upepo unaonekana.

Mkulima huyo hatakiwi kung'oa tumbaku yake kesho asubuhi. Anatakiwa asiiachie shamba lote. Alizeti, karanga na mahindi kwenye sehemu ya shamba si dharau kwa zao lililomsomeshea watoto. Ni akiba ya siku ambayo wanunuzi watakuja na makisio madogo kuliko mwaka uliopita. Vyama vya msingi navyo vina wajibu wa kuwaeleza wanachama mambo ya masoko kabla ya msimu, siyo siku ya masoko.

Kwa serikali zetu tuna neno. Hatupingi mazuio yanayolinda afya na mazingira. Mitaro iliyokuwa ikizibwa na mifuko inapopitisha maji, wote tunanufaika, na machinga ambaye meza yake ilikuwa ikifurika ananufaika zaidi. Tunachoomba ni muda na maelezo. Tangazo litolewe likiwa na tarehe, tafsiri ya kile kinachozuiwa kwa Kiswahili chepesi, na mahali pa kupeleka mabaki. Miezi 6 iwe ndiyo kiwango cha chini. Mwenye kiwanda ana mwanasheria wa kumsomea kanuni. Mama mwenye genge hana.

Pia upo usawa unaotakiwa. Ikiwa kiwanda na mwagizaji walikunja faida kubwa kwa bidhaa hiyo, si haki mabaki yote yaishie kwa mwenye duka. Kanuni ziwatake waagizaji wapokee mzigo ambao haujafunguliwa, angalau ule waliousambaza baada ya tangazo kutolewa. Bila hivyo, kila zuio litakuwa mchezo wa kurushiana kaa la moto, na anayebaki nalo mkononi siku zote ni mdogo.

Hata hivyo, mfanyabiashara asikae akisubiri huruma. Yapo anayoweza kuyafanya leo kwa bidhaa yoyote yenye fununu ya kuzuiwa. Ahesabu mzigo alio nao na anaouza kwa wiki. Ahesabu kurudi nyuma kutoka siku ya zuio, akijua kuwa wiki za mwisho mauzo hushuka. Adai stakabadhi ya kila mzigo yenye tarehe, ili siku ya kurudisha awe na ushahidi. Asikope kwa ajili ya bidhaa hiyo. Aanze kuuza mbadala wakati bidhaa ya zamani bado ina wateja, ili wateja wahame pamoja naye.

Na asione haya kuwaambia wateja ukweli. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono na kubandikwa mlangoni, ikisema bidhaa fulani itakwisha tarehe fulani na badala yake kuna hii, inafanya kazi kuliko matangazo ya redio. Mteja aliyeambiwa mapema hurudi. Mteja aliyekuta rafu tupu huondoka na hasira, na hasira yake humwangukia mwenye duka, siyo bunge.

Zuio huanza kama fununu, likawa tangazo, kisha sheria, kisha ofisa mlangoni. Katika hatua tatu za kwanza mfanyabiashara bado ana sauti juu ya fedha yake. Katika hatua ya nne hana. Tunawasihi wasomaji wetu wafungue madaftari yao jioni ya leo na kuangalia ni bidhaa ipi dukani mwao iko katika hatua ipi.